Siku Tatu Nje ya Dungu

Ndege wa mpunga hajui Ijumaa wala sikukuu. Watu wa mjini hudhani anakuja asubuhi, anakula, anashiba, anakwenda zake. Hapana. Anakuja kabla umande haujakauka, anarudi alasiri jua likipunga, na katikati hapo anapita kukagua kama umesinzia. Ndiyo maana huku kwetu tunajenga dungu, kibanda juu ya miti mirefu katikati ya shamba, mtu akakaa humo tangu mpunga unapotia maziwa mpaka unapovunwa. Kazi hiyo tunaiita kuamia. Anayeamia hatoki. Akitoka asubuhi moja tu, akirudi atakuta mabua yamesimama matupu.

Dada yangu aliamia ndege kule Maparoni tangu utoto wake mpaka meno yalipoanza kumtoka. Alikuwa mkubwa wangu, na kati yetu walipita wawili waliokufa, kwa hiyo alikuwa karibu mama kwangu. Alikuwa na ufito wake, fimbo nyembamba ya mti unaopindika. Unabandika donge la tope nchani, unaupeleka ufito nyuma ya bega, kisha unaukata kwa kifundo cha mkono, yaani unaufyatua mbele ghafla. Si kwa bega. Ukitumia bega, jioni hutaweza kuinua hata mwiko. Donge linachomoka linavuma. Pamoja na donge huenda ukelele, na kila mwanamke wa bonde lile alikuwa na wa kwake. Ukipita na mtumbwi unajua huyu yupo, yule yupo, yule leo anaumwa. Wa dada ulikuwa mrefu, unaanzia chini tumboni unapanda, na mwishoni anapiga makofi mawili. "Huuuuswaa!" Pa, pa. Naueleza mapema kwa sababu ndio ulioleta kisa.

Miye sikuamia sana. Nilikuwa mvivu, sioni haja ya kuficha sasa. Shule niliishia darasa la pili, shamba nalo sikulitaka, nikakimbilia Kibiti. Nikachoma mkaa, nikauza karanga, nikafanya kazi kwa mwenye mashine ya kukoboa mpaka mkanda ukanikata kidole hiki cha pete. Tulipitia miaka ya dhiki, watu wakifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Halafu ikaja ruksa ya biashara. Ghafla duka lililokuwa na viberiti vitupu likawa na sabuni za rangi tano. Mchele wa nje ukashuka bandarini, wetu ukadorora bei. Nguo za mitumba zikamwagika, nami nikamwagika nazo. Nilikuwa nakwenda Dar kuchukua robota moja, nakuja naanika Kibiti, siku ya gulio la Dimani naenda Dimani. Kwa sababu hiyo dada alinihesabu mtu anayeijua Dar. Kwa kweli nilikuwa naijua njia moja tu, ya kutoka stendi mpaka kwenye marobota. Sikumwambia.

Binti yake alikuwa mmoja. Alikulia mle mle dunguni, na ufito wake mdogo, mpaka alipokuwa mkubwa wa kutosha kwenda Dar kwa shangazi yake. Akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo. Kiwanda hicho kilikuwa cha umma, na viwanda vya umma zama hizo vilikuwa na timu za kila kitu, hadi za kuvuta kamba. Yeye wakamweka kwenye mpira wa vinyoya. Nieleze kidogo, maana hata miye nilieleweshwa. Ni watu wawili na wavu katikati. Hawapigi mpira, wanapiga kitu kidogo chenye kichwa cha kizibo na manyoya ya bata yamezunguka. Kikianguka upande wako umekosa. Basi.

Habari ilipofika Maparoni ilifika vibaya, kama habari zote zinazokuja kwa mtumbwi. Ikasemwa binti wa fulani kaajiriwa mjini kuchezea manyoya. Wanawake wa madungu ya jirani wakampigia dada kelele toka juu, "Mwenzetu, wako anayachezea, siye tunayafukuza!" Dada alicheka nao lakini haikumfurahisha. Binti akamwita aje amwone akicheza. Dada akajibu, ndege. Mwaka mwingine akamwita. Ndege. Mara ya tatu hata jibu hakutuma.

Mara ya nne ilikuja barua, nikampelekea miye na kumsomea kwa kufuata kidole. Binti alisema kiwanda kinauzwa. Anakuja mwenye mali mpya, na mwenye mali mpya amekwisha sema kwamba timu hazimo katika alichonunua. Yapo mashindano ya mataifa pale Dar, kiwanda kimemlipia kwa mara ya mwisho, na baada ya hapo raketi itawekwa chini. Mama, ukitaka kuniona ni sasa.

Dada aligeuka akatazama shamba. Mpunga ulikuwa ndio kwanza umetia maziwa, wakati mbaya kuliko wote. Kisha akashuka kwenye ngazi, akaenda dungu la pili kwa jirani yake, nikawaona wakizungumza kwa mikono. Aliporudi alisema, "Ataniamilia siku tatu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jumapili ana hitima ya mjomba wake Kiongoroni, anaondoka na maji ya asubuhi. Jua la Jumapili likipanda niwe hapa."

Tukapiga hesabu. Jumamosi basi linaondoka Dar saa saba mchana, jioni tunashuka Bungu, tunapata lori la kwenda Nyamisati, maji ya alfajiri yanatuchukua hadi Maparoni. Tukilikosa basi hilo, shamba ni la ndege. Chakula cha mwaka mzima.

Safari ya kwenda sitaieleza, ilikuwa mchanga na matope na kusukuma. Ijumaa asubuhi tukaingia ukumbi wa mashindano.

Nilichokiona kwanza ni kwamba ndani ya nyumba kulikuwa na viwanja vitatu, kila kimoja na wavu wake, na pembeni ya kila kimoja kiti kirefu cha miguu minne ambacho mwamuzi anakipanda kwa ngazi. Dada akanishika mkono.

"Wana madungu," alisema.

Ukutani kulikuwa na ubao wa ratiba. Nikauendea kwa maringo, maana nilikuwa na dada yangu mgeni. Jina la binti nililiona, na kando yake namba tisa. Nikarudi nikamwambia, "Anacheza kiwanja cha tisa." Tukaanza kukitafuta hicho kiwanja cha tisa. Tulizunguka ukumbi wote, tukatoka nje, tukapita nyuma ya vyoo. Tuliporudi, mzee mmoja mrefu aliyeketi safu ya mbele akatuuliza tunatafuta nini. Nikamwambia.

"Kiwanja cha tisa!" akasema. "Nyinyi mmetoka wapi?"

"Rufiji," nikasema. Siku hizo hata Kibiti ilikuwa Rufiji hiyo hiyo.

"Ah, watani! Basi viwanja sita vilivyobaki viko huko kwenu, chini ya maji." Alikuwa Mnyamwezi, mstaafu wa reli, na Wanyamwezi na siye watu wa pwani ni watani tangu babu zao wanashusha mizigo kwa babu zetu. "Hiyo tisa ni namba ya mechi, mtani. Mechi ya tisa. Kiwanja kimeandikwa pale mwisho. Cha tatu. Shule hukupita?"

"Nilipita," nikasema. "Nyie mlikuwa mmejaza njia na mizigo ya watu vichwani, nikakosa pa kuingilia."

Akacheka mpaka akakohoa, akatusogezea nafasi. Kando yake alikaa mzee wa Kihindi, fundi saa, mwenye chupa ya chai na daftari. Wawili hawa walikuwa hawakosi mashindano yoyote ya mchezo ule mjini. Hawakuwa na ndugu uwanjani. Walikuja kubishana tu, na walichobishania zaidi si nani atashinda bali nani atacheza lini na wapi.

"Mechi ya tisa haitaingia kabla ya sala," alisema fundi saa. Aliandika muda wa kila mechi. "Wanawake mmoja mmoja, dakika ishirini na tano. Wanaume wawili wawili, dakika hamsini. Wameweka wanaume wawili wawili mbele. Kosa."

"Si kosa, ni dhambi," alisema Mnyamwezi. "Reli tulikuwa na sheria. Treni ya mizigo inasimama stesheni, ya abiria inapita. Hawa wanaume wanne ndio mabehewa ya mizigo. Wangewekwa pembeni, mabinti wapite."

"Na wageni wote wamepewa kiwanja cha kwanza, chenye taa nzuri."

"Mgeni lazima apewe kitanda."

"Kitanda sawa. Na taa?"

Dada alisikiliza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hawa ndio wanaopanga?"

"Hapana. Ni watazamaji."

"Sasa wanagombana ya nini? Mtu habishani na maji kujaa."

Mnyamwezi akasikia. "Mama, maji hupangwa na Mungu. Hii ratiba imepangwa na mtu, tena namjua, hajui hata kupanga vyombo."

Tulikwenda kuswali, tukarudi, na mechi ya tisa ikafika. Binti akatokea. Alikuwa amevaa fulana nyeupe na sketi inayoishia magotini, na dada akatazama pembeni kidogo, kisha akatazama. Binti alituona. Alikuja hadi kwenye kamba, akampigia mama yake goti, akasema, "Mama. Umekuja. Na ndege je?"

"Nimewaachia jirani."

"Mpaka lini?"

"Kesho saa saba."

Binti akaitikia kwa kichwa, akaingia kiwanjani. Akasimama upande wake. Upande wa pili hakusimama mtu. Wakaita jina la msichana wa Zambia mara moja, wakaita tena. Mwamuzi juu ya dungu lake akatazama saa. Kisha akashuka, akampa binti mkono, wakatoka.

"Imekuwaje?" dada aliuliza.

"Ameshinda," alisema fundi saa. "Yule wa Zambia hakutokea. Nasikia ndege yake imechelewa."

"Ameshinda nini? Mbona hajapiga hata moja?"

"Ndivyo sheria ilivyo, mama. Mwenzako asipokuja umeshinda."

"Kwa hiyo hata miye ningesimama pale ningeshinda."

"Ungeshinda kabisa," alisema Mnyamwezi, "na kesho ungecheza raundi ya pili."

Dada hakucheka. Alikuwa ametumia siku mbili kati ya tatu, na alichokiona ni mwanawe akisimama. Kama ni kusimama tu, alikuwa amekwisha mwona akisimama tangu utotoni.

Jumamosi tulifika mapema na mizigo yetu kabisa, kikapu cha dada na mfuko wangu. Sikupita tena ubaoni. Nilikwenda moja kwa moja kwa wale wazee.

"Kiwanja cha tatu, saa nne na nusu," alisema fundi saa. "Mpinzani ni wa Mauritius. Mzuri. Mtakuwa mmeondoka hapa saa sita, kwa raha zenu."

Saa nne na nusu haikufika, ilifika mvua. Ilipiga lile paa la bati hata wachezaji wakasimama kusikiliza. Kiwanja cha tatu kikaanza kudondokewa, tone, tone, pale pale mbele ya wavu. Wakaleta ndoo, wakaleta tambara. Mwisho wakafunga kiwanja. Vikabaki viwili, na mechi za vitatu.

Hapo ndipo nilipowaona wale wazee wakiwa kazini hasa. Fundi saa alifungua ukurasa mpya.

"Cha tatu zilibaki mechi nne," alisema. "Wakizipeleka mbili cha kwanza, mbili cha pili, binti yetu anaingia saa sita." Alikwisha kuwa binti yao.

"Wakizipeleka mwishoni?"

"Saa tisa."

"Hawawezi. Treni iliyoharibikiwa njiani hupewa kipaumbele, la sivyo inaziba nyingine nyuma yake."

"Hii si reli, bwana."

"Ndiyo maana inachelewa!"

"Ni ukumbi wenye watu wanne mezani na kalamu moja."

Mnyamwezi akanyanyuka, akaenda kusimama karibu na meza ya wapangaji akijifanya anasoma ubao. Alirudi na habari. Wanataka kutanguliza wanaume wawili wawili kwa sababu mgeni mmoja ana ndege ya jioni.

"Ana ndege ya jioni," alisema dada. "Miye nina ndege wa asubuhi, elfu kwa maelfu. Kawaambie hivyo."

Na yule mzee kweli alikwenda kuwaambia. Sijui alisemaje. Nilimwona akionyesha upande wetu, akinyoosha mikono juu kama mtu anayefukuza kitu, na wale wa mezani wakigeuka kututazama. Mmoja alicheka. Yule mwenye kalamu hakucheka, aliinama akaandika. Mnyamwezi alirudi akaketi.

"Cha pili," alisema. "Baada ya hii inayochezwa. Wanaume wamesogezwa. Nimewaambia ni mama yangu, kwa hiyo mtani, kuanzia leo wewe ni mjomba wangu, utaniletea mchele."

Waliingia saa tano na dakika arobaini. Fundi saa aliandika. Sisi tulitakiwa kutoka mlangoni saa sita na nusu, isizidi, ili tuwahi basi stendi ya Temeke. Dada alikuwa amejiweka safu ya mbele kabisa, miguu pamoja, mikono juu ya kikapu.

Msichana wa Mauritius akaanzisha. Alikipiga kinyoya juu, juu kweli, hadi karibu na taa, kikageuka kule juu kikaanza kushuka na manyoya yake meupe.

"Huuuuswaa!" Pa, pa.

Ukumbi wote ulinyamaza. Viwanja vyote viwili. Mpinzani alikuwa ameruka nyuma. Na binti, nilimwona kwa macho yangu, mkono wake ulikuwa umekwenda nyuma ya bega na kukata hapo hapo, kinyoya kikiwa bado juu sana, akapiga hewa tupu. Miaka yote ya utoto wake sauti ile ilikuwa na maana moja tu, tupa.

Mwamuzi akasema irudiwe. Dada alikuwa ameziba mdomo. "Nimesahau," alisema. "Kimeruka."

Ikarudiwa. Zikapita pointi kama tatu, za chini chini, dada ametulia. Kisha kinyoya kikapanda tena. Nilimwona akipanda nacho, kifua kikijaa, nikamshika mkono, lakini mkono si mdomo. "Huuuuswaa!" Binti akakata mapema tena, akakosa, na safari hii pointi ikahesabiwa. Mama mmoja mwenye beji akaja hadi kwetu, akasema kwa upole kwamba ikitokea tena itabidi mama atolewe nje.

Mnyamwezi hakutania. Alisema, "Mama, labda usimame mlangoni, utachungulia."

"Nimekuja toka Maparoni kusimama mlangoni?"

"Sasa utafanyaje?"

Dada akafikiri. Kinyoya kilikuwa kinakwenda na kurudi, naye ametazama sakafu. "Ni kile kidude," alisema. "Kikiruka nakiona ndege. Nisipokiona nitanyamaza." Akaivuta kanga yake kichwani mpaka ikashuka usawa wa nyusi, akaishika kwa mikono miwili pande zote kama mtu anayekingia jua, hata ikawa haoni chochote kilicho juu ya wavu wala upande wa pili wa wavu. Alichobakiwa nacho ni upande mmoja wa kiwanja, na mtu mmoja ndani yake.

Hivyo ndivyo alivyotazama mchezo wote. Miye nilitazama kinyoya kama kila mtu, kushoto kulia, kushoto kulia, shingo ikaniuma. Wale wazee walihesabu. Siku hizo asiyeanzisha hapati pointi, kwa hiyo watu waliweza kupigana kitambo kirefu na ubao usisogee, na fundi saa akawa anaguna kila mara na kutazama mkononi. Seti ya kwanza alichukua wa Mauritius. Ya pili akachukua binti, na Mnyamwezi akasimama akapiga mbinja. Dada hakujua hata kwamba seti imekwisha. Alikuwa akinong'ona. Niliinama nikasikia, "Kisigino. Inua kisigino. Haya." Na baadaye, "Amekonda." Na baadaye tena, "Goti la kulia linamuuma, huyo, hasemi."

Seti ya tatu ilipokuwa saba kwa sita, nilimwuliza fundi saa ni saa ngapi. Alichelewa kujibu. Mtu aliyeandika muda wa kila kitu siku mbili nzima, akajifanya anamimina chai.

"Sita na ishirini na nane," alisema.

Saba kwa saba. Nane kwa saba. Nane kwa nane. Nikamgusa dada begani. Nilitegemea aseme ngoja kidogo, nami nilikuwa nimekwisha jiandaa kusema haya, tungoje, liwalo na liwe. Hakusema. Aliinuka, akachukua kikapu, kanga bado iko kwenye nyusi. Akawapa wale wazee mkono. Akatembea mpaka mlangoni bila kugeuka, na pale mlangoni akageuka, akasimama kiasi cha mtu kuvua viatu, akatoka.

Miye niliangalia nyuma kidogo zaidi. Binti alikuwa anajiandaa kupokea. Alitupia jicho safu ya mbele, akaona nafasi iko wazi, akarudisha jicho mbele.

Basi tulilipata likiwa linaunguruma. Tulikaa nyuma kabisa. Hata kabla hatujatoka mjini nilikuwa nimekwisha sema mara tatu kwamba sijui imekwishaje, na kwamba nane kwa nane ni pabaya, na kwamba tungengoja dakika tano tu. Dada alikuwa anafungua mkate. Tulipofika kwenye mchanga wa Mkuranga alisema, "Bado anatumia kifundo."

"Nini?"

"Mkono. Hatumii bega. Nilimwambia tangu ana miaka saba."

Akanimegea mkate.

Jumapili tulifika shambani jua linachungulia. Jirani alikuwa amekwisha funga mzigo wake wa hitima, yuko chini ya ngazi ya dungu la dada, ana haraka. Akamwuliza, "Ehe, alishinda?"

"Hilo kawaulize waliokuwa wanatazama manyoya," dada alisema, akapanda juu.

Niseme pia kwamba jirani yule hakuamia vizuri hivyo. Upande wa mtoni mpunga ulikuwa umeliwa, si kidogo. Dada aliuona toka juu na hakumwambia neno, wala hakuniambia miye. Niliuona mwenyewe.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili tatu, mpunga ukianza kuwa wa njano. Nikaipeleka na mtumbwi wa mtu, nikapanda dunguni, nikaketi kando ya dada kwenye fito, nikaanza kusoma na kidole changu. Salamu, afya, shangazi yake. Kiwanda wamepewa barua za kuachishwa. Amepata mahali pa kushona sare za shule. Mechi alishindwa, kumi na moja kwa tisa.

Mstari uliofuata niliusoma kimya. Ulisema pointi ya mwisho kinyoya kilipanda juu sana, nao mkono wake ukangoja ukelele wa mama, na ukelele haukuja, akachelewa.

Nikaona hauna faida. Nikauruka, nikasoma wa chini yake, kwamba tumsalimie jirani.

"Kidole chako kimeruka," alisema dada.

Dada hakujua herufi hata moja. Lakini alikuwa haitazami barua, alikuwa ananitazama miye.

"Wapi?"

"Hapo. Kilikuwa kinakwenda mstari kwa mstari, kimeruka mmoja. Rudi."

Nikarudi. Nikamsomea ulivyo, polepole, maana sijui kusoma kwa haraka. Nilipomaliza nikaikunja barua nikampa, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Ndege walikuja, kundi kubwa, toka upande wa mikoko. Walizunguka mara moja, wakashuka mbele yetu kabisa. Ufito ulikuwa mkononi mwake na donge liko nchani. Siku hiyo aliwaacha wakala kidogo kabla hajapiga ukelele.